Kompyuta Moja kwa Nyumba Nzima

Katika nyumba nyingi za siku hizi, nyumba za jamaa sawa na nyumba za mapadri na za wanafunzi, mtaona laptopu mbili tatu za zamani zimelala juu ya kabati, zimefunikwa na vumbi. Zilinunuliwa sokoni kati ya vyombo vilivyokwisha kutumika Ulaya, ao zilitolewa zawadi na mtu aliyejinunulia mpya. Ukiuliza kwa sababu gani hazitumiki tena, utajibiwa: «Imechoka.» Tena, tarehe 14 ya mwezi wa 10, mwaka 2025, kampani Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10, na laptopu nyingi zisizoweza kupokea Windows 11 zikahesabiwa kuwa zimekufa. Na wakati uleule, katika nyumba ileile, mwanafunzi anangoja zamu yake mbele ya kompyuta moja nzuri, pengine mpaka usiku, kusudi aandike kazi yake.

Je, mashini ile imechoka kweli? Hapa yafaa tutofautishe. Kuna mashini iliyovunjika, na kuna mashini nzima ambayo kazi inayopewa imezidi nguvu zake. Laptopu ya mwaka 2009 ao 2010, mara nyingi, kioo chake chaonyesha vema, klavye yaandika, tundu la waya wa rezo linapokea. Kilicho kidogo ni prosesa, na zaidi ya prosesa ile kumbukumbu ya kazi mafundi wanayoita RAM. Zamani giga 2 zilitosha. Leo kurasa chache za intaneti zinakula zote, na mashini inasimama kama punda aliyepakiwa kupita kipimo. Basi, ikiwa mzigo ndio matata, tuondoe mzigo. Tuuweke juu ya kompyuta moja yenye nguvu, na laptopu za zamani tuziachie kazi mbili tu: kuonyesha na kuandika. Kompyuta ile yenye nguvu inaitwa serveri, maana inatumikia. Laptopu ya zamani inaitwa mteja mwepesi: mteja, kwa sababu inaomba kila kitu kwa serveri, mwepesi, kwa sababu yenyewe haibebi karibu kitu.

Akili hii si mpya. Mwezi wa 11, mwaka 1961, katika shule kuu MIT ya Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha namna kompyuta moja ilivyoweza kutumikia watu wengi pamoja. Kompyuta za wakati ule zilijaza chumba kizima, na bei yake ilikuwa bei ya majumba. Nani angewaza kwamba kila mtu awe na yake? Ndiyo maana waliigawa kwa wakati: kipande kidogo sana kwa huyu, kipande kwa yule, halafu inarudi kwa wa kwanza, na kwa kuwa inakwenda mbio kupita vidole vya mtu, kila mmoja aliona kana kwamba inamtumikia yeye peke yake. Jambo hili lingali kweli leo. Mtu anayeandika, hata awe hodari, hupiga herufi tano ao kumi tu kwa sekunde. Kati ya herufi na herufi prosesa inalala usingizi. Usingizi ule ndio tunaogawia wengine.

Nyuma, mwaka 1984, palepale MIT, ikaanzishwa programu inayoitwa X, kwa kuchora madirisha juu ya kioo. Tangu mwanzo ilikubali programu itumike ndani ya kompyuta moja, na dirisha lake lionekane katika nyingine, hata chumba cha mbali. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati ule mwanafunzi wa Helsinki, ilifuata mwendo huo: katika Linux ni jambo la kawaida watu wengi kuingia pamoja katika mashini moja, kila mmoja na jina lake, neno lake la siri, na mahali pake pa kuweka mafaili. Tena hailipwi feza. Mwaka 1999 Jim McQuillan, mtu wa Michigan katika Marekani, akaanzisha chombo kinachoitwa LTSP, ambacho kinaiwezesha mashini isiyo na disiki kuamka kwa njia ya rezo na kupata Linux yake yote kutoka serveri. Shule nyingi zilikitumikisha. Mwaka 2019 kiliandikwa upya toka mwanzo na Alkis Georgopoulos, Mgriki, na shule nyingi za Ugriki zingali zinakitumikisha.

Sasa tuone namna gani mambo yanakwenda. Njia ni mbili, na wengi wanazichanganya. Kutoka hapo wanalaumu chombo, kumbe walichagua njia isiyofaa kazi yao.

Njia ya kwanza ni ile ya mteja mwepesi kamili. Laptopu inaamka na Linux ndogo, halafu inafungua programu moja tu, tuseme X2Go ao Remmina, inayoiunganisha na serveri. Tangu pale, kila herufi unayopiga inakwenda kwa serveri. Serveri inafanya kazi. Kisha inarudisha picha ya kioo. Kitabu unachokiandika hakiko ndani ya laptopu hata kidogo. Ukurasa wa intaneti unaousoma umefunguliwa kule, na kwako inakuja sura yake tu. Kwa hiyo laptopu yenye giga 1 ya kumbukumbu inaonekana mbele yako kuwa na nguvu zote za serveri.

Lakini angalieni hesabu hii, maana ndani yake mna siri ya jambo lote. Kioo cha laptopu ya zamani chenye nukta 1024 kwa 768 kina nukta 786 432. Kila nukta inaomba biti 24 kwa rangi yake. Picha moja nzima inakuwa karibu biti milioni 19. Ukiandika herufi moja, kinachogeuka juu ya kioo ni mahali padogo, tuseme nukta 20 kwa 20: biti 9 600 tu. Programu hizi zina akili ya kupeleka kile tu kilichogeuka, basi kuandika kunapita katika rezo bila shida, hata watu kumi wakiandika pamoja. Lakini ukifungua filamu, kioo chote kinageuka mara 25 kwa sekunde, ni kusema karibu biti milioni 470 kwa sekunde. Na tundu la rezo la laptopu nyingi za zamani linapitisha milioni 100, basi. Ni kweli, picha zaweza kukazwa mbele ya kutumwa, lakini kule kuzikaza kunachosha serveri, na kuzifungua kunachosha laptopu. Ndiyo sababu filamu inarukaruka na sauti inachelewa nyuma ya midomo. Njia ya kwanza inafaa kuandika, kuhesabu, kusoma, kupokea na kutuma barua. Kwa kutazama filamu na kwa mikutano ya sura kwa sura haifai, na sisi hatumshauri mtu kuilazimisha.

Njia ya pili ndiyo LTSP ya leo inayoipenda. Laptopu inaamka kwa waya wa rezo. Inapokea Linux nzima kutoka serveri. Lakini programu zinatumika ndani ya laptopu yenyewe, kwa prosesa na kumbukumbu yake. Serveri inabaki kama gala: inatunza Linux moja kwa wote na mafaili ya kila mtu. Huyu si mteja mwepesi tena, ni mteja mnene, kama mafundi wanavyosema kwa kucheka. Filamu inakwenda vizuri, kadiri ya nguvu za laptopu. Disiki yake ikiwa imekufa, si kitu, haihitajiki. Lakini sherti iwe na kumbukumbu ya giga 2 kwa uchache, na bora 4. Na kwa kuamka sherti kuwe waya. Wifi haifai kwa njia hii.

Kwa kuchagua, basi, tazameni kumbukumbu ya laptopu mbele ya kitu kingine chote. Ikiwa chini ya giga 2, fuateni njia ya kwanza. Ikiwa giga 4, fuateni ya pili, na serveri haitakuwa na mzigo mkubwa. Katika nyumba moja njia zote mbili zaweza kukaa pamoja, serveri ikiwa ileile.

Tuseme sasa nyumba ina watu wanne wanaotaka kutumika saa ile ile, wote kwa njia ya kwanza. Serveri yao iweje? Zamani, watu walipoandika tu, walihesabu chini ya robo ya giga kwa kila mtu. Leo kinachokula si kuandika, ni intaneti: hesabuni giga 2 kwa kila mtu, na giga 3 ao 4 kwa serveri yenyewe. Inakuwa 12; nunueni 16. Prosesa ya viini 4 inatosha. Lakini disiki iwe ya namna ya SSD, isiyozunguka, maana watu wanne wakifungua mafaili pamoja, disiki ya zamani inayozunguka inakwenda huku na huku kama mpishi mmoja mwenye wageni wengi, na wote wanangoja. Katikati ya nyumba wekeni swichi ya rezo yenye matundu 8; iwe ya giga 1, kusudi waya unaotoka serveri uwe mpana kupita zile zinazokwenda kwa laptopu. Kwa mtu anayeandika tu, wifi ya nyumba yaweza kutosha katika njia ya kwanza. Lakini waya ni bora sikuzote. Na jambo moja wengi hawalifikiri: serveri hii inatumika bila intaneti ya inje. Rezo ni ya ndani ya nyumba. Siku ambapo feza ya intaneti imekwisha, vitabu na kazi za kuandika zinaendelea kama jana.

Inabaki ile desturi ya kula sahani moja: akiwako mlafi, wengine watalala njaa. Mtu mmoja akifungua kurasa arobaini za intaneti na kuziacha wazi, kumbukumbu ya serveri inakwisha, na wote wanne wanasimama. Linux inakubali kuwekea kila mtu mpaka wake, asipite giga fulani. Uwekwe tangu siku ya kwanza, mbele ya magomvi.

Faida kubwa, kwa maoni yetu, si bei. Faida kubwa ni kwamba mafaili yote yanakaa mahali pamoja. Laptopu ikianguka, ao ikiibiwa, ao ikimwagiwa chai, mwenye kazi anakwenda kukaa mbele ya nyingine, anaingiza jina lake na neno lake la siri, na kwa njia ya kwanza anakuta hata dirisha lake wazi pale alipoliacha. Kutengeneza programu mpya ao kuziba matundu ya usalama kunafanywa mara moja, katika serveri, na wote wamepata. Tena kutunza akiba kunakuwa kazi ndogo: disiki moja ya inje, programu moja kama rsync, kila jioni. Lakini mjue kwamba faida hii ina mgongo wake. Disiki ya serveri ikifa bila akiba, si mtu mmoja aliyepoteza kitabu chake cha kumaliza masomo. Ni nyumba nzima. Kwa hiyo nyumba isiyo na disiki ya akiba isianze kazi hii. Na disiki ile isilale karibu na serveri, kwa maana mwizi na moto hawatachagua.

Umeme nao unadai maneno yake. Mtu atasema: «Laptopu zina batri, basi umeme ukikatika tutaendelea.» Sivyo. Laptopu zitabaki na mwanga, lakini serveri ikizimika, yote yaliyokuwa hayajatunzwa yanakufa pamoja nayo, na wale wanne watakaa wanatazama kioo kisichojibu. Batri sherti iwe kwanza kwa serveri na kwa swichi, laptopu zinafuata. Ndiyo sababu nyumba nyingine zinachukua laptopu mpya kidogo, yenye giga 16 na batri nzima, na kuifanya serveri. Sisi twaona ni shauri jema kwa nyumba ndogo: batri iko ndani yake, na inakula umeme kidogo. Kwa hesabu ya paneli za jua, mjue kwamba laptopu ya zamani inakula watti 20 mpaka 30, kompyuta ya meza isiyo na kazi ngumu karibu 60, na swichi ndogo chini ya 10. Watu wanne na serveri yao hawafiki watti 200. Kompyuta nne za meza na vioo vyake zingeweza kuomba mara mbili.

Kuhusu batri za laptopu zenyewe: iliyokufa, iondolewe, na laptopu itumike kwa waya wa umeme peke yake. Iliyovimba iondolewe leo hii, isitobolewe, isitupwe motoni, isiachiwe watoto, maana yaweza kuwaka. Ndani ya nyingi mna kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika inchi yetu, hasa pande za Kolwezi. Inakwenda mbali, na inarudi kwetu sokoni ndani ya mashini iliyokwisha kutumikia wengine, kama mtoto wa kijiji aliyerudi akiwa mzee.

Tufike kwa jambo ambalo mafundi wanalipita haraka, na sisi hatutalipita haraka: siri. Katika kompyuta ya pamoja mafaili ya kila mtu yamefungwa kwa jina lake. Ubuntu, tangu toleo la mwaka 2021, inafunga mlango huo yenyewe. Zamani ilikuwa desturi kuuacha wazi, na mwenzako aliweza kusoma barua zako bila kuvunja kitu. Basi, mkikuta Linux ya zamani, ifungeni kwa mkono. Vilevile kile kinachopita katika waya: X2Go inapitisha yote ndani ya njia iliyofungwa kwa siri, lakini njia ya zamani inayoitwa XDMCP inapitisha hata neno la siri wazi, mtu mwenye ujuzi mdogo aweza kulisoma njiani. Isitumikishwe.

Lakini hata ukifunga yote, anabaki mmoja: mwenye kutunza serveri. Yeye, kwa jina la root, anaweza kufungua kila faili la kila mtu. Ufunguo ule hauwezi kuondolewa, maana bila huo mashini haitengenezwi. Kuficha faili kwa neno la siri kunasaidia linapolala katika disiki. Wakati wewe mwenyewe umelifungua, liko wazi ndani ya kumbukumbu ya serveri, na mwenye root aweza kulichukua. Kwa hiyo nyumba haiwezi kuchagua mtunzaji kwa sababu tu ni kijana anayejua mashini. Yafaa wote waambiwe kwa wazi nani ana ufunguo, na anaweza kuona nini. Tena yale yasiyopasa kusomwa na mwingine yeyote, kama barua ya mtu anayeomba shauri, ao habari za ugonjwa wa mtu, yasiandikwe katika serveri ya pamoja. Yaandikwe katika mashini ya mtu mwenyewe, ao kwa kalamu.

Mwisho, maneno machache kwa anayekwenda sokoni kununua. Asitafute laptopu nzuri. Atafute laptopu yenye kioo kizima, tundu la rezo zima, na klavye inayoandika, ingawa klavye ikikosa herufi, nyingine ya inje ya USB inatosha. Aulize kama prosesa ni ya biti 64. Zile za biti 32 zinaachwa kidogo kidogo: Debian 13, iliyotoka mwezi wa 8, mwaka 2025, haitoi tena njia ya kuiweka juu yake, na Debian 12 ndiyo ya mwisho. Kwa mteja mwepesi wa njia ya kwanza yaweza kufaa bado miaka michache, lakini asilipe bei kubwa. Ajaribu pia kama mashini inakubali kuamka kwa rezo: wakati inawaka, mara nyingi ni kubonyeza F12 na kutazama kama neno la rezo liko katika orodha. Ikiwa halipo, flashi ndogo yenye programu iPXE itafanya kazi ileile.

Akikuta laptopu ambayo saa yake inarudi nyuma miaka mingi kila inapozimwa, asiogope: ni kibatri kidogo cha ndani kilichokufa, kile cha mviringo kama feza ya chuma, na kinabadilishwa kwa bei ndogo. Wakati wa kungoja, katika njia ya kwanza, kasoro hii haizuii intaneti, kwa sababu kurasa zinafunguliwa na serveri, na saa inayotazamwa ni ya serveri.

Disiki za laptopu zinazoamka kwa rezo zaweza kutolewa zote. Mashini itakuwa na makelele kidogo na itakula umeme kidogo. Lakini zisiuzwe wala zisitupwe mbele ya kufutwa kabisa, maana mara nyingi picha, barua na maneno ya siri ya yule aliyeitumia mbele yenu zingali ndani. Zikiisha kufutwa na kupimwa, moja nzima yaweza kuingizwa katika kikasha cha USB, na hiyo ndiyo disiki ya akiba tuliyosema.